Kwa Akoth, Aliyezikwa Nje ya Ua

Dada Akoth,

Nianze na habari ya kukuchekesha. Ile insha ya kinyonga niliimaliza. Unakumbuka uliniambia kwamba ukisikia serikali imempeleka mtoto wa watu chuo kikuu kusomea kinyonga, wewe utahamia Tanzania kwa miguu. Basi niliandika kurasa nyingi kuliko nilizoagizwa, na katikati yake nikakutaja wewe, kwa jina na kwa kazi: Akoth, fundi wa nguo, Homa Bay. Mwalimu alilizungushia jina lako duara jekundu, akaandika pembeni, "Huyu ni nani?" Nilikaa na karatasi ile kwenye ngazi za maktaba nikashindwa kuamua kama nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili. Askari wa mlangoni akaniuliza kama nimefeli.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama zamani. Tangu nilipokuwa bwenini barua zetu zilikuwa za Kiswahili, kwa sababu wewe ulisema Dholuo ina masikio mengi hapa nyumbani, na Kiingereza kinakubana kama kiatu cha kuazima. Majirani wa hapa Nyatike walidhani tunaringa. Sasa nimekaa nyuma ya nyumba ya Dani, bibi yetu, nimeegemea pipa la maji, na karatasi iko juu ya meza yako ya kukatia vitambaa. Ililetwa kutoka Homa Bay pamoja na vitu vyako vingine. Bado ina alama za chaki yako ya bluu, na wifi yetu Robi hataki zifutwe.

Chuo kimefungwa. Wanafunzi waligoma, polisi wakaja na virungu, tukaambiwa tufunge virago twende kwetu mpaka tuitwe. Nilishuka Homa Bay kwanza ili nichukue mashine yako. Mji usingeutambua, dada. Gugumaji limefunika ghuba yote, kijani kitupu, mtu mgeni angedhani ni shamba la mtu. Yule mama wa chapati aliyekuwa jirani yako pale verandani ameweka beseni mahali ulipokuwa unakaa. Wateja bado wanakuja kuuliza sare za watoto, naye anawaambia umesafiri. Nilimuuliza kwa nini hasemi ukweli. Akaniambia, "Adhi, nikianza kusema amekufa, nitasema mara ngapi kwa siku moja?" Nikamsaidia kukunja chapati.

Turudi kwa kinyonga, maana bila yeye habari niliyokuja kukupa haitakaa sawa.

Dani alitusimulia jioni, baada ya chakula, kwa sababu sigana ikisimuliwa mchana mtoto anadumaa. Alisema zamani Nyasaye, Mungu wetu, alichoka kusikia vilio vya matanga. Akawaambia watu wamletee kipande cha mafuta meupe, safi, na akiyapokea kifo kitakoma. Watu wakamtuma kinyonga. Kinyonga na mwendo wake ule akayaburuta njiani, akayakanyaga, yakafika yamejaa udongo na majani. Nyasaye akayatazama akayakataa. Ndiyo maana tunakufa, akasema Dani, na ndiyo maana watoto wa kwetu wakimwona kinyonga wanampiga mawe.

Sisi wengine tulihuzunika, kama tulivyotakiwa. Wewe ukasema, "Dani, kwani hakukuwa na mtu wa kuyasafisha hayo mafuta?"

Dani akasema mafuta hayaoshwi. Ukamwambia hayaoshwi lakini yanayeyushwa, uchafu unashuka chini, halafu unayachuja na kitambaa. "Akoth!" Dani alipaza sauti. "Hii ni sigana, hatuko jikoni!" Ukatumwa kuosha masufuria kwa adhabu, na ulikwenda huku unanung'unika kwamba binadamu wote wale wamekubali kufa kwa kukosa mtu mmoja mwenye sufuria.

Na ulithibitisha. Ile Ijumaa kuku aliporukia mkebe wa mafuta ya kupikia ukamwagika kwenye majivu, na wageni wa Baba wa kanisani walikuwa njiani waje kula kabla jua halijatua, mimi nilianza kulia. Wewe uliyazoa, ukayeyusha, ukayachuja na kipande cha sare yangu kuukuu, ukapika mboga. Mzee mmoja wa kanisa aliramba vidole akasifu mapishi ya nyumba hii. Ukaninong'oneza, "Nyasaye amepokea." Nilitoka nje mbio nisicheke mbele ya wageni.

Nilipokuandikia kwamba chuoni kuna somo zima la visasili, hadithi za watu juu ya mwanzo wa mambo, ulijibu kwa barua fupi kuliko zote: "Profesa wa Uongo, shikamoo." Lakini likizo ilipofika ulitaka nikueleze yote. Ulikuwa unakanyaga mashine, mimi nimeketi juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, nakuhubiria kwamba kisasili hakiko zamani tu, kiko hapa hapa. Nilikupa mfano wa kaka yetu Ochieng na wenzake wa Osiri, wanavyosema dhahabu inasikia ugomvi na kukimbilia chini zaidi, hata mwanamume aliyekosana na mkewe haruhusiwi kushuka shimoni mpaka wapatane. Nikakupa mfano wa Baba. Mzee wa kanisa, anayefundisha kila Sabato kwamba wafu wamelala na hakuna kinachorudi, lakini bundi akilia anatoka nje eti kuangalia ng'ombe. Ukacheka sana. Nikakukumbusha kwamba na wewe hushonei mtu kifungo akiwa ameivaa nguo, ukiulizwa sababu unasema haifai, basi. Ukasimamisha mashine. "Sasa umeanza kunisoma mimi," ukasema, "nenda ukalete chai."

Ile ndiyo chai yetu ya mwisho. Mvua kubwa ilipokuja malaria ilikupanda kichwani, na nilipopata habari chuoni ulikuwa umeshatulia kitandani hospitalini, mdomo nusu wazi kama mtu aliyekatizwa maneno. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nilitaka, nimeshindwa.

Lakini ya mazishi lazima niandike, kwa sababu ndiyo yaliyonikaa kooni mwaka mzima.

Ulikuwa mtu mzima, dada. Umri wa kuitwa mtoto ulikuwa umeupita zamani, na wanaume wawili walikuja kukuposa, tena watu wazuri, ukawarudisha kwao. Nilipokuuliza, ulisema, "Bado nachukua vipimo." Tulicheka. Hatukujua kwamba mzaha ule ungekuja kutugharimu. Baba Mdogo alisimama mbele ya wazee akasema msichana aliyekomaa akifa hajaolewa hana nyumba kwa baba yake, hana nyumba kwa mume, na hawezi kuzikwa ndani ya boma. Ukizikwa ndani, akasema, utazuia wasichana wengine kuolewa na wake kuzaa. Alimwambia Baba mbele ya watu wote, "Omera, ndugu yangu, wewe ni mzee wa kanisa, sawa. Lakini hii boma si ya kanisa."

Nilimtazama Baba. Nilijua atasema. Huyu ni mtu aliyebishana na chifu, na mwalimu mkuu, na daktari wa ng'ombe. Huyu ndiye aliyekataa kunywesha familia yake dawa za kienyeji wakati ukoo mzima unaogopa laana. Nilingoja aseme kwamba wafu wamelala na haijalishi wamelala wapi. Baba alitazama viatu vyake. Wakachimba nje ya ua, upande wa kushoto, kule ojuok, ile minyaa ya ua, ilikokuwa imeshikana sana mpaka kutoka nyumbani huoni kitu. Tulitoka nawe kwa mwanya waliokata ubavuni mwa ua, hata langoni hawakukupitisha, kama mzigo wa mtu aliyekosea nyumba. Halafu wakauziba mwanya kwa matawi.

Sikuongea na Baba tena isipokuwa salamu na chakula kiko tayari. Nilirudi chuo. Na siku moja mwalimu wangu, mtu mpole asiye na kosa lolote, alikuwa anafundisha juu ya mipaka katika visasili, ndani na nje, wanaohesabiwa na wasiohesabiwa. Akasema kwamba miongoni mwa Wajaluo, kwa mfano, msichana ambaye hajaolewa huzikwa nje ya ua. Alisema vizuri, kwa sauti yake ya kawaida. Kalamu zote zikainama zikaandika. Na mimi niliandika, dada. Niliandika "kwa mfano," halafu mkono ukakataa. Nikakusanya vitabu nikatoka, nikaenda kukaa chooni mpaka kengele.

Hapo ndipo nilipoacha kupenda somo langu. Nilikuwa nimelipenda kwa sababu lilifanya maneno ya Dani yaonekane makubwa. Sikuwa nimefikiria kwamba hadithi inaweza kumshika mtu wangu, ikamtoa nje, na mimi niliyesomea hadithi nisiwe na neno la kusema.

Sasa sikia yaliyotokea tangu nirudi.

Robi amejifungua. Msichana, mkubwa, mwenye nywele mpaka usoni. Alizaliwa katikati ya kiangazi hiki kikali, mto umebaki madimbwi, ng'ombe wanapelekwa mpaka ziwani Sori kunywa. Na alikuja analia. Watoto wote wanalia, najua, lakini huyu alilia akinyonya, akalia akiogeshwa, akalia usingizini. Dani akasema mara moja: kuna mtu anataka jina. Alikaa na mtoto mapajani, akaanza kuita majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, taratibu, huku akimtazama mdomo. Aliita mama yake mwenyewe. Aliita shangazi zake. Mama yetu hakumwita, kwa sababu binti wa Baba Mdogo tayari anaitwa jina lake. Mtoto akaendelea kulia kwa kila jina kama anayekataa bei.

Robi alikuwa amelala upande. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Alipoletwa hapa kutoka Kegonga hakujua Dholuo hata salamu, na watu wa hapa, wewe unawajua, walimwita yule Mkuria, wakamcheka anavyokoroga ugali. Wewe peke yako ulikuja kila Jumapili kumfundisha kukaanga omena, mkawa mnaongea Kiswahili chenu jikoni na kucheka mpaka Ochieng akaona wivu. Akainuka kwenye kiwiko akasema, "Dani, muite Akoth."

Dani akamrudisha mtoto kwa mama yake. "Huyo yuko nje," akasema. "Aliye nje haitwi ndani."

"Mimi nataka jina ya yule alinipenda," Robi akasema. Hakupaza sauti. "Hii mtoto kama si Akoth, basi haina jina."

Ikawa hivyo. Siku zikapita, mtoto hana jina. Kila mgeni aliyekuja kumwona aliuliza anaitwa nani, na Robi alijibu, "Bado." Ochieng alitoka Osiri akamsihi mkewe, akarudi Osiri. Baba Mdogo alituma neno kwamba mtoto akiitwa jina la aliye nje hatakuja kuolewa, atarudi nyumbani kama wewe. Na mimi, Akoth, nikajua kwamba hapa ndipo utakapoishia. Hukuacha mtoto. Picha yako ni moja, tena umefumba macho. Kwetu sisi jina lisipopewa mtoto, miaka michache tu hakuna anayeliita tena, na watoto wa Ochieng wangekua wakipita pale nyuma kwenda mtoni bila kujua ni kichuguu au ni mtu.

Basi nikajaribu elimu yangu. Nilikaa na Dani asubuhi moja tukichambua karanga, nikamweleza kwamba mambo haya yana maelezo, kwamba watu wa mbali nao walikuwa na hadithi za namna hii na wakaziacha. Dani alinisikiliza kwa adabu kama anavyowasikiliza watu wa sensa. Akauliza, "Na hao watu wa mbali, wasichana wao wanawaweka wapi?" Alipouliza hivyo niliona macho yake yana machozi, nikaelewa kitu ambacho hasira yangu ilikuwa imekificha. Yeye ndiye aliyekulea baada ya Mama. Hakuwa anakukataa. Alikuwa anaogopa kukuita ukashindwa kuingia. Aliniambia, "Nyathina, mwanangu, nikimuita na mlango umefungwa, atalia wapi?" Tukaendelea na karanga.

Kwa Baba sikwenda. Ningemwambia nini? Kanisani kwake jina ni jina tu, mtoto angeweza kuitwa chochote, na mambo ya marehemu kutaka jina hayatajwi. Lakini niliona kwamba kila mtoto alipolia Baba aliacha anachofanya akasikiliza, halafu akaendelea.

Jumapili moja, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, nilisikia panga. Nilitoka nikadhani anakata kuni. Baba alikuwa upande wa kushoto wa boma, amevaa ule mkoti wako uliomshonea wa kufanyia kazi, anaifyeka ojuok. Haipunguzi, anaitoa kabisa. Kila tawi lililofaa aliliweka pembeni kivulini, na mengine akayatupa. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Ua imezeeka."

Ua haukuwa umezeeka. Nilisimama pale kama mjinga. Akafika kwenye ule mwanya uliozibwa, ukakatika, na nikakuona. Yaani nikaona kaburi lako kutoka nyumbani kwetu, nikiwa nimesimama karibu na kamba ya kuanikia nguo. Majani yalikuwa yamelifunika na mbuzi walikuwa wamelikanyaga. Baba hakusimama hapo. Alipita, akaenda mbele yako hatua nyingi, mpaka ukingo wa shamba la mihogo, akachora mstari kwa jembe. Akaanza kupanda yale matawi upande wa pili.

Ndipo nilipoelewa, nikaenda kuchukua jembe lingine. Yeye alichimba, mimi nikashindilia. Robi alitoka na mtoto mgongoni akatazama muda mrefu, akarudi ndani, akaja na uji.

Karibu na mwisho tawi moja lilimrukia Baba likavunjika usoni, na ule utomvu mweupe ukaingia jichoni. Unajua unavyochoma, watu wamepofuka kwa utomvu huo. Alikaa chini ameshika uso, anapumua kwa nguvu. Nikamwosha kwa maji, hayakusaidia. Dani akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba maziwa ya mama, maziwa ya mama ndiyo dawa. Robi asingeweza kumkaribia mkwe wake, hilo hata kwao Kegonga ni aibu, akaenda nyuma ya nyumba akakamulia kwenye kikombe, akanipa mimi. Nikamlaza Baba kichwa mapajani pangu, nikaanza kumdondoshea jichoni kidogo kidogo. Sikuwa nimemgusa Baba tangu ulipokufa.

Ni hapo aliponiambia. Jicho limefumba, lile jingine linatazama mawingu ambayo hayapo.

Alisema alikuota. Akaongeza haraka kwamba ndoto ni ndoto, alikuwa amekula viazi vingi, na wafu wamelala. Lakini alikuota. Ulikuwa na tepu yako shingoni na pini mdomoni, unapima boma. Ulikuwa unapita na tepu kando ya ua, unapima kama vile boma lote ni nguo na kuna mtu amelivaa. Hukuwa na hasira. Ulifika upande wa kushoto, ukashika ojuok kwa vidole viwili kama unavyoshika mshono, ukatikisa kichwa. Ukasema, "Baba, hapa imebana. Nitaiachia kidogo."

Hilo tu. Uliongea na pini mdomoni, akasema, kwa hiyo alijua ni wewe.

Baba akalia, dada. Sijawahi kumwona akilia. Machozi na maziwa na utomvu vyote vikashuka kwenye gauni langu. Akasema, "Ile siku maneno yalikuwa mdomoni. Niliogopa ukoo." Mimi sikumwambia kwamba nimemsamehe, maana sina hakika ni kazi yangu. Nilimwambia atulie, nikaendelea kudondosha.

Baba Mdogo alikuja kabla ya jioni, habari hazichelewi. Alitembea kando ya ua mpya, akaona matawi yamesimama kwenye udongo mkavu kama vijiti vya mtoto anayecheza, akaona na wewe uko ndani. Alisema mengi. Alisema maiti akishazikwa nje haingizwi ndani, hata babu zetu wangelaani. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti, kitambaa jichoni. Akamjibu, "Sikumgusa. Yeye yuko pale pale mlimuweka. Mimi nimeongeza tu shamba ya mboga. Boma ni yangu, ama?" Sheria anayoijua Baba Mdogo inasema msichana asihamishwe, na hakuna aliyekuhamisha. Inasema asizikwe ndani, na hukuzikwa ndani. Juu ya ua kuhama ukamzunguka msichana pale alipo haisemi kitu. Akaomba maji ya kunywa, akapewa, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, na nilichosikia masikioni ni wewe mdogo, unanung'unika na masufuria yako. Yeyusha, chuja.

Jua lilipokuwa linashuka Dani alichukua fimbo yake, akatembea ua mpya wote, akigusa kila tawi kwa kidole kama anahakikisha limekazwa. Alipomaliza akaja kwako. Aling'oa majani machache kwa mkono wake, akakaa chini kando yako, akasema aletewe mtoto. Robi akamleta. Baba akaja pia, akasimama mbali kidogo, eti anaangalia matawi.

Dani akamshika mtoto uso kwa uso. Akamwita, "Akoth."

Ningependa kukuandikia kwamba mtoto alinyamaza. Katika insha zote nilizosoma wananyamaza. Huyu alivuta pumzi, akakaza ngumi, akapiga kelele ambayo haijawahi kusikika hapa tangu azaliwe, mpaka mbuzi wakahama. Robi akashtuka, mimi nikasema basi, tumekosa. Lakini Dani alikuwa anacheka. Anacheka na meno yake mawili yote nje, machozi yanashuka. "Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe! Akoth lini alinyamaza nikimwambia kitu?"

Kwa hiyo yuko mtu anaitwa Akoth hapa nyumbani. Robi akimwita uani kiangazi hiki, majirani wanatazama juu kwanza, halafu wanakumbuka ni mtoto. Jina la mvua kwa aliyezaliwa bila tone moja. Kila mgeni anajua bila kuuliza kwamba limetoka kwa mtu fulani, na Robi akiulizwa ni nani anaonyesha kwa kidevu, pale. Jicho la Baba limepona, limebaki jekundu kidogo. Sabato iliyopita alifundisha tena kwamba wafu wamelala. Nilikuwa nimekaa nyuma, na alipofika hapo alinitazama, akaenda haraka kwenye aya nyingine.

Redio imetangaza chuo kinafunguliwa. Naondoka Jumatatu. Nimefungua ile insha nikalitazama lile duara jekundu, na nitamjibu mwalimu wangu kwa ukurasa mzima. Nitamwambia ni dada yangu. Nitamwambia kwamba watu wa hadithi tunazozisoma walikuwa na sufuria nyumbani, na kwamba wengine wao, baada ya kuchelewa sana, waliziinjika. Kama atanipunguzia alama anipunguzie.

Na wewe nakuahidi hili. Huyu mdogo akifikisha umri wa kusikiliza, nitamsimulia kinyonga mimi mwenyewe, jioni, baada ya chakula, kama Dani. Nikifika pale mafuta yanapochafuka nitanyamaza kidogo, nimtazame. Nataka kuona atauliza nini.

Matawi yale matatu ya kona, karibu na miguu yako, yameanza kutoa majani. Nimeangalia leo asubuhi. Mbuzi nimewafunga mbali.

Lala, dada. Lala ndani.

Mdogo wako,
Adhiambo